Deni, Ufilisi na Kiti: Nani Anazuiwa Kugombea?

Uchaguzi Mkuu wa Kenya utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na barua zinazotufikia kuhusu madeni ya wagombea zimezidi za ardhi na talaka. Tumechagua sita. Majibu ni ya sheria ya Kenya, isipokuwa pale tulipotaja nchi nyingine.

Biashara yangu ya nafaka ilianguka. Benki mbili zimeniorodhesha CRB (shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji) na dalali alinipiga mnada lori. Sasa nataka kiti cha wadi, na wapinzani wanatangaza sokoni kwamba mimi ni mfilisika na siwezi kugombea. Ni kweli? — Msomaji, Eldoret

Si kweli, kwa hayo uliyotueleza. Katiba haimzuii mtu mwenye madeni. Inamzuia aliyetangazwa na mahakama kuwa amefilisika na ambaye bado hajaachiliwa. Kwa mbunge na seneta utaikuta Kifungu cha 99(2)(f), na kwa mwakilishi wa wadi 193(2)(e). Gavana lazima awe na sifa za kuchaguliwa kuwa mwakilishi wa wadi (180), na Rais awe na sifa za kugombea ubunge (137), kwa hiyo kizuizi hicho hicho kinawafikia.

Amri ya ufilisi hutolewa na Mahakama Kuu, baada ya mdai kupeleka ombi au mdaiwa mwenyewe kujipeleka. Bila amri hiyo, wewe ni mdaiwa tu. Kuorodheshwa CRB si ufilisi. Mnada wa lori si ufilisi. Hukumu ya kulipa deni si ufilisi, na hata hati ya kukupeleka jela ya madai si ufilisi. Tena kama deni lilikuwa la kampuni yenye dhima yenye kikomo, kampuni ikafilisiwa, hilo ni la kampuni. Wewe unaingia pale tu ulipotia sahihi ya udhamini kwa jina lako. Wakurugenzi wengi hutia sahihi hiyo bila kuisoma, maana huwa ni karatasi moja iliyochomekwa katikati ya mkataba wa mkopo.

Hata hivyo, usiridhike na neno letu. Kuna watu waliotangazwa wamefilisika bila kuwa na habari, kwa sababu karatasi zilipelekwa kwenye anwani ya zamani, au mahakama iliruhusu notisi itolewe gazetini. Nenda kwenye ofisi ya Mpokeaji Rasmi (afisa wa serikali anayeshughulikia masuala ya ufilisi), iliyo chini ya idara ya usajili wa biashara, uombe upekuzi kwa jina lako kamili na nambari ya kitambulisho. Kisha pitia Gazeti Rasmi la Serikali kwa kipindi ulichokuwa na matatizo. Ukipata majibu ya maandishi kwamba hakuna amri dhidi yako, ukae nayo karibu msimu wa uteuzi. Mpinzani akikupeleka mbele ya kamati ya mizozo ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, mzozo huamuliwa ndani ya siku 10, na huo si muda wa kuanza kutafuta makaratasi.

Mahakama ilinitangaza nimefilisika mwanzoni mwa 2024. Wakili mmoja aliniambia ni miaka mitatu halafu mambo yanaisha yenyewe. Basi 2027 niko huru? — Msomaji, Nakuru

Wakili hakukosea kuhusu miaka mitatu. Swali ni inaanza kuhesabiwa lini, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Sheria ya Ufilisi ya 2015 haihesabu kuanzia siku ya amri. Inahesabu kuanzia siku uliyowasilisha taarifa ya hali yako ya kifedha, yaani ile orodha ya mali zako zote, madeni yote, wadai wako na wanaodaiwa na wewe. Hujaiwasilisha, saa haijaanza kwenda. Unaweza kukaa miaka sita ukidhani umeachiliwa kumbe hata siku moja haijahesabiwa.

Fanya hesabu yako. Amri ilitoka Januari 2024. Ukiwa uliwasilisha taarifa Februari 2024, unaachiliwa Februari 2027, na siku ya kupeleka karatasi za uteuzi wewe ni raia kama raia wengine. Lakini kama uliikalia hadi Septemba 2024, basi unaachiliwa Septemba 2027, mwezi mmoja baada ya kura kupigwa. Amri ni ile ile, deni ni lile lile, na tofauti ni fomu iliyobaki ndani ya droo.

Taarifa yenyewe iwe kamili. Wanaoirudishiwa huwa wameacha vitu vya aina tatu: shamba la urithi ambalo bado lina jina la marehemu baba, hisa za SACCO, na pesa walizokopesha ndugu. Mpokeaji Rasmi au mdai anaweza kuweka pingamizi dhidi ya kuachiliwa kwako, na mali iliyofichwa ndiyo sababu rahisi kuliko zote. Pingamizi likiwekwa, hakuna tena kuachiliwa kwenyewe. Mambo yanarudi mahakamani na tarehe inakuwa ya jaji, si yako.

Kuna njia mbili za kutoka mapema. Unaweza kuiomba mahakama ikuachilie kabla ya miaka mitatu. Au, ukiwa umelipa madeni yote pamoja na gharama, ama amri haikupaswa kutolewa tangu mwanzo, uombe ibatilishwe. Hizi si kitu kimoja. Aliyeachiliwa alifilisika, kisha akatoka. Aliyebatilishiwa huhesabiwa kwamba hakufilisika kamwe. Kwa mgombea, ya pili ni safi zaidi, ila inataka pesa taslimu.

Jambo moja la kukumbuka baada ya kuachiliwa: deni lililotokana na ulaghai, na matunzo ya mke au watoto yaliyoamriwa na mahakama, hayafutiki. Hayakuzuii kugombea kwa kigezo cha ufilisi, lakini yataendelea kudaiwa, na wapiga kura wanayajua.

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Mtu ameshindwa na duka lake mwenyewe, kwa nini tumpe bajeti ya kaunti? Naona sheria inalegezwa kwa faida ya wanasiasa. — Msomaji, Mombasa

Mzee wetu, hoja yako ina umri mrefu na haikuanzia kwetu. Kizuizi tulicho nacho tulirithi kutoka Uingereza. Huko mdaiwa alikuwa akifungwa, na mbunge hakuweza kukamatwa kwa deni la kawaida, basi bunge likawa kimbilio. Richard Brinsley Sheridan, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa mbunge kwa zaidi ya miaka 30, alipoteza kiti 1812; mwaka uliofuata akakamatwa kwa madeni. Hofu ya pili ilikuwa kwamba mwenye dhiki ananunulika. Sheria ya 1883 ikawafungia mlango waliofilisika: bunge, umeya, udiwani, hata uhakimu wa amani.

Lakini isome sheria hiyo vizuri. Kizuizi kiliondoka mahakama ikimwachilia mtu na kumpa cheti kwamba kufilisika kwake kulitokana na mkosi bila utovu wa uaminifu. Yaani hata Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walijua kwamba aliyeunguliwa na ghala si sawa na aliyekula amana za watu. Waliofuata walishika adhabu wakasahau cheti.

Mfano wa Horatio Bottomley ndio unaotuaminisha kwamba kuangalia ufilisi peke yake hakutoshi. Alikuwa mbunge wa Hackney South, London, akafilisika 1912 na kuachia kiti. Alipopata pesa akamalizana na wadai, akaachiliwa, na 1918 wapiga kura wakamrudisha bungeni. Mwaka 1922 akafungwa miaka saba kwa kulaghai wananchi wadogo waliomkabidhi akiba zao kwenye mpango wake wa dhamana za serikali. Kichujio cha deni kilimzuia alipokuwa hana pesa na kikampitisha alipokuwa nazo, hali tabia haikubadilika.

Linganisha na Harry Truman wa Marekani. Duka lake la nguo za kiume huko Kansas City lilifungwa 1922. Mwenzake wa biashara baadaye alijitangaza amefilisika. Truman akakataa, akalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, akiwa tayari ameshika nyadhifa za umma. Nchi hiyo haina kizuizi cha ufilisi kwa mgombea wa urais wala wa bunge lake la taifa. Angejitangaza naye, bado angeweza kugombea.

Uingereza yenyewe ilibadilika. Tangu Aprili 2004, chini ya sheria iliyopitishwa 2002, mtu wa England au Wales aliyefilisika huachiliwa kwa kawaida baada ya miezi 12, na kufilisika kwenyewe hakumnyimi tena ubunge. Anayezuiwa ni yule aliyewekewa amri maalumu ya vizuizi kwa sababu alikopa akijua hatalipa, alificha mali au alicheza kamari na pesa za wadai. Amri hiyo hudumu miaka 2 hadi 15. Kwa maoni yetu huu ndio mpango wenye akili, na Kenya ingefanya vyema kuuiga.

Kuhusu kulegezwa: maneno ya Katiba ya Kenya hayajalegezwa hata nukta. Kilichobadilika ni sheria iliyo chini yake. Katika Sheria ya zamani ya Ufilisi, Sura ya 53, kuachiliwa hakukuja kwenyewe. Ulilazimika kwenda kuomba, na asiye na pesa za wakili alibaki mfilisika mpaka kaburini. Sheria ya 2015 ilileta ile miaka mitatu. Kwa hiyo kizuizi kilichokuwa karibu cha maisha kimekuwa cha muda, bila kura ya maoni na bila kelele. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wajaribu tena. Wanasiasa wamefaidika kwa kupita.

Na kwa kuwa unatoka Pwani, unaijua aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara: mdaiwa akiwa na dhiki, apewe muhula mpaka apate wasaa. Haisemi apewe kaunti, hilo tunakukubalia. Kumpa au kumnyima ni kazi ya kura yako.

Niko Minneapolis. Nilijitangaza nimefilisika huku Marekani kwa Sura ya 7 mwaka 2022. Nataka kurudi nigombee ubunge nyumbani. Historia hiyo itanifuata? — Msomaji, Minnesota

Sura ya 7 ndiyo ile ya kuuza mali isiyolindwa na kufutiwa madeni mengi. Kwa kawaida amri ya kuachiliwa hutoka miezi minne hivi baada ya kupeleka ombi, kwa hiyo yamkini uliachiliwa zamani. Ungekuwa ni mtu wa Sura ya 13, ambaye hulipa kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano, jibu lingekuwa gumu zaidi, kwa sababu Katiba ya 2010 inasema tu mfilisika ambaye hajaachiliwa, bila kutaja ni kwa sheria ya nchi gani. Mawakili wanaweza kuvutana hapo siku nzima. Usiwape nafasi: omba kwa karani wa mahakama ya ufilisi iliyokuhudumia nakala iliyothibitishwa ya amri ya kuachiliwa, na uhakikishe jina lililomo linafanana na la pasipoti na kitambulisho chako cha Kenya. Kama huko ulikuwa unatumia jina la mume au umefupisha jina la tatu, tayarisha kiapo cha kueleza majina hayo ni ya mtu mmoja.

Kinachoweza kukukwamisha zaidi ya hilo ni uraia. Ukiwa umechukua uraia wa Marekani, Kifungu cha 78 kinasema ofisa wa serikali, mbunge akiwemo, hawezi kuwa na uraia wa nchi mbili. Anza na hilo.

Nilishindwa kesi ya kupinga uchaguzi na nikaamriwa kumlipa mbunge gharama za shilingi milioni kadhaa. Sasa mawakili wake wamenitumia notisi ya siku 21. Anataka kunifilisi ili nisisimame tena? — Msomaji, Kisii

Nia yake hatuijui, lakini chombo alichokishika kinafanya kazi hiyo barabara. Amri ya gharama, ikishakadiriwa na naibu msajili, ni deni kama deni la benki. Deni la shilingi 250,000 au zaidi linatosha mdai kuomba ufilisi. Notisi aliyokutumia ni hatua ya kwanza: usipolipa, usipofikia makubaliano na usipoipinga, siku 21 zikipita sheria inachukulia kwamba huwezi kulipa, naye anaenda Mahakama Kuu.

Mambo haya yametokea kwingine. Singapore, J. B. Jeyaretnam, kiongozi wa upinzani, alishindwa kulipa fidia za kesi za kashfa, akatangazwa amefilisika 2001 na kupoteza kiti chake bungeni. Aliachiliwa 2007. Alianzisha chama kipya 2008 na akafa mwaka huo huo, kabla ya uchaguzi mwingine. Huko hakuna aliyevunja sheria ya ufilisi. Ilitumiwa kama ilivyoandikwa.

Ufanye nini? Kwanza, andika tarehe uliyopokea notisi, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo, na umwone wakili wiki hii hii. Kosa la kawaida ni mtu kuidharau notisi kwa kuwa haina muhuri wa mahakama. Haihitaji muhuri.

Pili, angalia kama ina kasoro ya kweli. Unaweza kuomba itupiliwe mbali ikiwa deni lenyewe lina mgogoro wa msingi, ikiwa naye anadaiwa na wewe kiasi kinacholingana au kuzidi, au ikiwa ana dhamana inayotosha deni. Je, ile dhamana ya gharama uliyoweka mahakamani ulipofungua kesi, yaani shilingi 500,000 kwa kesi ya ubunge, imeondolewa kwenye hesabu? Mara nyingi huwa imesahauliwa. Kumbuka tu kwamba kosa la hesabu peke yake halifuti notisi ikiwa kilichobaki bado kinazidi 250,000.

Tatu, kama deni ni halali, zungumza. Pendekezo la awamu lenye malipo ya kwanza ya maana hufungua milango kuliko barua tano za kulalamika. Mwenzako akikataa, kuna mpango wa hiari chini ya Sheria ya Ufilisi: unamteua msimamizi mwenye leseni ya ufilisi, unaomba mahakama amri ya ulinzi wa muda, na wadai wanapigia kura pendekezo lako. Likipita, unalipa kwa utaratibu huo bila kutangazwa umefilisika, na haki yako ya kugombea inabaki. Ugumu ni kwamba kama mbunge huyo ndiye mdai wako mkubwa, kura yake ndiyo itakayoamua. Hapo weka mezani wadai wako wote halisi, wala usibuni wa uongo: shangazi anayejitokeza ghafla na deni la milioni nne lisilo na karatasi huharibu ombi zima.

Mwisho, hata amri ikitoka, hujazuiwa siku hiyo hiyo. Kifungu cha 99(3) kinasema hakuna anayepoteza sifa mpaka nafasi zote za rufaa au mapitio ziishe. Kata rufaa ndani ya muda. Australia, seneta Rod Culleton alitangazwa amefilisika Desemba 2016, na Januari 2017 spika wa Seneti akatangaza kiti kiko wazi kabla rufaa haijasikilizwa. Kwa Kenya, kiti cha mbunge aliyeko madarakani pia huwa wazi akipoteza sifa, chini ya Kifungu cha 103, ila kukiwa na ubishi, huamuliwa na Mahakama Kuu.

Mume wangu alitangazwa amefilisika mwaka jana. Mimi nagombea uwakilishi wa wanawake. Je, jina lake litaniangusha? — Msomaji, Kitui

Kisheria, hapana. Ufilisi ni wa mtu mmoja, haushiki wanandoa. Angalia tu pale mlipounganishwa kwa makaratasi. Nyumba yenye majina yenu wawili, fungu lake linaingia kwenye mali ya wadai, na mdhamini wa mali (anayeishika mali ya aliyefilisika kwa niaba ya wadai) anaweza kutaka iuzwe au ununue fungu hilo. Pesa za kampeni zisipite kwenye akaunti ya pamoja hata kidogo, fungua yako.

La hatari zaidi ni udhamini. Kama ulimdhamini kwenye SACCO au benki, kufilisika kwake hakukufutii wewe deni. Kinyume chake, wadai waliozuiwa kumfuata yeye watakugeukia wewe, na hapo ndipo notisi ya siku 21 inaweza kukufikia katikati ya kampeni. Andikia kila taasisi mliyowahi kukopa, uombe barua inayoorodhesha mikopo yote ambayo jina lako limo kama mdhamini, pamoja na salio la kila mmoja. Ukikuta mkopo uliochelewa, panga malipo kwa jina lako kabla ya Desemba 2026.